Mangungo Hakuwa Mjinga: Mikataba ya Wakoloni na Swali la Nani Aliandika Sheria

Kila aliyesoma historia sekondari Tanzania anamjua Mangungo wa Msovero. Ni yule mtawala wa Usagara ambaye Novemba 1884 aliweka alama yake kwenye karatasi ya Karl Peters, karatasi iliyoandikwa Kijerumani, na kwa alama hiyo tunaambiwa akaitoa nchi yake yote kwa Wajerumani waliokuwa wanatafuta makoloni. Jina lake limekuwa msemo. Ukizuka mkataba wa madini, wa gesi au wa bandari ambao watu hawauelewi, hazipiti siku mbili utasikia bungeni na vijiweni: "Huo ni mkataba wa Mangungo." Maana yake kuna mtu kasaini bila kusoma.

Makala hii inataka kumtetea Mangungo. Mkataba ule ulikuwa wizi, hilo halina ubishi. Ila tukiishia kumcheka yeye tunaliruka swali kubwa zaidi: ni sheria gani iliyofanya alama ya mzee mmoja wa Usagara iwe na nguvu kule Berlin? Nani aliiandika, na nani hakuwepo ilipoandikwa? Swali hilo siyo la wanafunzi wa sheria peke yao. Limegusa maji ya bombani Shinyanga, bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Ziwa Nyasa, na mpaka leo halijaisha.

Anatosha kusaini, hatoshi kukataa

Tuanze na tarehe, maana zenyewe zinaongea. Mwishoni mwa 1884 Peters na wenzake walizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami wakikusanya karatasi kama ile ya Msovero. Wakati huo huo, tarehe 15 Novemba 1884, ulifunguliwa mkutano wa Berlin. Mezani walikaa wajumbe wa mataifa 14. Mwafrika hakuwepo hata mmoja. Sultani Barghash wa Zanzibar, ambaye alikuwa na madai yake juu ya pwani na njia za misafara ya bara, hakualikwa. Mkutano ulifungwa 26 Februari 1885. Kesho yake tu, 27 Februari, Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuyaweka maeneo ya Peters chini ya ulinzi wake. Barghash akapinga. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikaja kusimama mbele ya Unguja, na Sultani akalazimika kukubali.

Sasa angalia mantiki ya kisheria iliyokuwa nyuma ya mambo haya. Wanasheria wa Ulaya wa karne ya 19 waliigawa dunia mafungu mawili: mataifa "yaliyostaarabika" na yale ambayo eti bado. Sheria ya kimataifa ilikuwa ya fungu la kwanza. Fungu la pili lilikuwa nje, kama watoto wanaosubiri wakubwa wamalize kikao. Kwa hesabu hiyo mtawala wa Kiafrika hakuwa mkuu wa dola. Lakini hapo hapo, karatasi aliyoisaini ilionyeshwa Ulaya kama ushahidi kwamba ameitoa dola yake. Jamani, mtu asiye na kitu anakitoaje?

Msomi mmoja wa Sri Lanka, Antony Anghie, ameichambua kwa kina hali hii: mtawala wa nje ya Ulaya alitambuliwa kisheria kwa kiasi cha kuweza kutoa nchi, na hakutambuliwa tena pale alipotaka kuibakiza. Kwa lugha ya mtaani: anatosha kusaini, hatoshi kukataa. Mangungo angejua Kijerumani kama Peters mwenyewe, angeisoma karatasi ile mara kumi na kuitupa, bado mezani Berlin asingekuwa na kiti cha kukalia na kusema "sikukubali."

Usidhani haya yaliishia karne ile. Mwaka 1928 msuluhishi Max Huber alipoamua ugomvi wa Marekani na Uholanzi juu ya kisiwa cha Palmas, alisema mikataba na watawala wa wenyeji wasiotambuliwa katika jamii ya mataifa siyo mikataba kwa maana ya sheria ya kimataifa, ingawa inaweza kutazamwa kama ushahidi. Na mwaka 2002, sisi wengine tukiwa hatujaanza hata chekechea, hoja hiyo ilirudi katika kesi ya Kameruni na Nigeria.

Kesi ile ilihusu rasi ya Bakassi. Mwaka 1884 wafalme na machifu wa Old Calabar walisaini mkataba wa ulinzi na Uingereza. Mwaka 1913 Uingereza ikakubaliana na Ujerumani mpaka ulioiweka Bakassi upande wa Kameruni ya Wajerumani. Nigeria ikauliza mahakamani: mlinzi anawezaje kugawa mali ya anayemlinda? Tarehe 10 Oktoba 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilijibu kwamba machifu wale hawakuwa na hadhi ya dola kimataifa, na kwamba Uingereza ilikuwa na uwezo wa kuamua mpaka. Mahakama ilikuwa na sababu nyingine pia, ikiwemo namna Nigeria yenyewe ilivyoukubali mpaka huo baada ya uhuru. Lakini ukweli unabaki palepale: karne ya 21, alama ya chifu bado inapimwa kwa mizani ya 1884.

Wasomi wa Ulimwengu wa Tatu walisemaje?

Nchi nyingi za Asia na Afrika zilipopata uhuru, wasomi wake wa sheria walikuta nyumba imeshajengwa, vyumba vimeshagawanywa, na wao wanaambiwa karibuni, lakini msihamishe samani. Kizazi cha kwanza cha wasomi hao kilikuwa na watu kama R. P. Anand wa India, Georges Abi-Saab wa Misri, Mohammed Bedjaoui wa Algeria na T. O. Elias wa Nigeria. Wawili wa mwisho walikuja kuwa marais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki yenyewe. Walisisitiza kwamba Asia na Afrika zilikuwa na desturi zao za kusaini mikataba, kupokea mabalozi na kulinda wafanyabiashara kabla ya ukoloni. Kwa hiyo sheria kati ya mataifa siyo mali ya Ulaya, na nchi mpya zina haki ya kushiriki kuitengeneza upya.

Kizazi cha pili kilijikusanya miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Harvard na kujipa jina linalofupishwa kwa herufi TWAIL, yaani mtazamo wa Ulimwengu wa Tatu juu ya sheria ya kimataifa. Humo wamo Anghie, B. S. Chimni wa India, Obiora Okafor wa Nigeria, na Wakenya wawili, James Gathii na Makau Mutua. Mutua alifukuzwa Nairobi kwa harakati za wanafunzi akaja kusomea sheria Dar es Salaam, kwa hiyo tunaweza kumdai kidogo. Hawa ni wakali zaidi. Wanasema tatizo la ukoloni limo ndani ya misingi ya sheria yenyewe, kwa hiyo kuongeza viti vya Waafrika mezani hakutoshi kama ajenda imeshaandikwa.

Kuna kitu ambacho vizazi vyote viwili havisemi. Havisemi sheria ya kimataifa itupwe. Nchi ndogo bila sheria inabaki na nini? Inabaki na manowari za watu wengine mbele ya kasri lake, kama Barghash. Wanachodai ni ridhaa ya kweli. Na mfano mzuri wa namna ya kuidai ridhaa hiyo kwa kutumia sheria yenyewe ulitoka hapa hapa nyumbani.

Geto na madeni ya mpangaji aliyehama

Fikiria umepata geto mtaani baada ya kukosa hosteli. Siku unahamia, anakuja mtu na daftari: mpangaji aliyepita alikopa kwake vitu na kumwahidi kwamba chumba hiki kitamtunzia mizigo yake miaka yote. Anataka uendelee. Wewe utasema nini? Unaweza kukubali yote ili usigombane na majirani. Unaweza kukataa yote, halafu ukagundua umekataa pia mkataba wa umeme na maji. Au unaweza kusema: nipe muda nilisome daftari lako, tukae, kinachofaa tuendelee nacho.

Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa katika hali hiyo. Ujerumani iliposhindwa Vita vya Kwanza vya Dunia, nchi iliwekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa ikitawaliwa na Uingereza. Baada ya Vita vya Pili ikawa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mtawala yule yule. Katika miaka hiyo Uingereza ilisaini mikataba mingi kwa niaba ya Tanganyika: ya usafiri wa ndege, ya kurudishana wahalifu, ya biashara, ya maji, ya bandari. Uhuru ulipokaribia, utaratibu wa Waingereza ulikuwa kuipa nchi mpya barua ya kusaini, ikikubali kurithi haki na wajibu wote wa mikataba hiyo. Ghana, Nigeria na Sierra Leone zilikuwa zimeshakubali.

Nyerere alikataa. Hoja ilikuwa ya kisheria na rahisi kuielewa: makubaliano kati ya Tanganyika na Uingereza hayawezi kuilazimisha nchi ya tatu itupe sisi haki yoyote, lakini yanaweza kutufunga kwa wajibu ambao bila barua hiyo tungekuwa huru nao. Yaani tungebeba mzigo bila kupata risiti.

Tarehe 30 Novemba 1961 alilieleza Bunge msimamo wake, na tarehe 9 Desemba, siku yenyewe ya uhuru, tamko likapelekwa kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Lilisema hivi kwa ufupi. Mikataba ya nchi mbili iliyosainiwa kihalali na Uingereza kwa niaba ya Tanganyika itaendelea kutumika kwa miaka miwili, mpaka 8 Desemba 1963, kwa masharti kwamba upande wa pili nao uitekeleze. Ndani ya muda huo tutazungumza: tuendelee nao, tuurekebishe au tuuvunje. Muda ukiisha bila makubaliano, mkataba unahesabiwa umekufa, isipokuwa ule ambao desturi ya sheria ya kimataifa inaubakiza. Mikataba ya mataifa mengi itatazamwa mmoja mmoja.

Duniani huu unaitwa Kanuni ya Nyerere. Uganda, Kenya, Malawi na Burundi zilitoa matamko yanayofanana nao, kila moja kwa namna yake. Na mwaka 1978 Mkataba wa Vienna kuhusu urithi wa mikataba ulikubali kwamba nchi iliyotoka kwenye ukoloni inaanza na ukurasa safi: hailazimiki kubeba mikataba ya mkoloni kwa sababu tu ilikuwepo.

Nataka msomaji aone ufundi uliopo hapa. Nyerere hakusema "sheria yenu siitambui." Alichukua kanuni yao wenyewe, kwamba mkataba unamfunga aliyeukubali, akawauliza: Tanganyika ilikubali lini?

Faranga moja kwa mwaka

Kanuni hiyo ilipata mtihani mapema. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kero. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa mkataba ulikuwa milele. Usome tena: faranga moja, milele. Hata chumba cha uani hupati kwa bei hiyo.

Tanganyika haikuhangaika sana na udogo wa kodi. Ilishika neno "milele." Uingereza ilikuwa Tanganyika kama mdhamini, na udhamini una mwisho. Msimamizi wa nyumba aliyewekwa aiangalie mpaka mtoto mwenye mali akue, hawezi kumpangisha mtu uani kwa milele. Anatoa asichokuwa nacho. Kwa hoja hiyo serikali ikasema makubaliano yale hayaifungi Tanganyika huru, wala hayahitaji kusubiri miaka miwili kama mikataba mingine, kwa sababu tangu mwanzo aliyeyatoa alivuka mipaka yake.

Ni swali lile lile ambalo Nigeria ililipeleka The Hague miaka 40 baadaye kuhusu Bakassi, kwamba mlinzi hagawi mali ya anayemlinda. Tofauti ni kwamba Tanganyika ilikuwa na hati za udhamini zinazoonyesha wazi mipaka ya mtawala. Machifu wa Calabar na Mangungo walikuwa na karatasi iliyoandikwa na upande wa pili.

Maji ya Nile na karatasi ya 1929

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Nile. Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua. Humo Uingereza iliahidi kwamba katika Sudan na nchi nyingine zilizo chini yake, haitajengwa kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme kwenye Nile, matawi yake au maziwa inakotoka, itakayopunguza maji ya Misri, bila Misri kukubali kwanza. Maziwa hayo ni pamoja na Ziwa Victoria. Kwa hiyo mtu wa Mwanza, Bukoba, Kisumu au Entebbe aliwekewa sharti juu ya maji ya mlangoni kwake katika barua ambazo hakuwahi kuziona.

Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana maji kwa makubaliano yao wenyewe: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, Sudan bilioni 18.5. Nchi za juu ya mto hazikutengewa kiasi chochote, hata Ethiopia ambako maji mengi ya Nile yanatoka.

Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Wakati huo huo ikasema iko tayari kukaa na nchi nyingine za bonde la Nile kutafuta mgawanyo wa haki. Novemba 1963 Misri ikajibu kwamba kwa upande wake makubaliano ya 1929 yanaendelea mpaka yapatikane mengine. Kila upande ukabaki na msimamo wake kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 2000 Tanzania ilivuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, bila kuomba ruhusa ya karatasi ya 1929. Ukifungua bomba Shinyanga, unafungua na hoja ya kisheria.

Mazungumzo yaliyoombwa tangu 1962 yalichukua muda mrefu sana. Mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile ulifunguliwa kwa ajili ya kusainiwa Entebbe tarehe 14 Mei 2010, na Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zikasaini siku hiyo hiyo. Kenya na Burundi zikafuata. Sudan Kusini ilipojiunga mwaka 2024, idadi ya nchi zilizouridhia ikatimia, na tarehe 13 Oktoba 2024 ukaanza kutumika. Msingi wake ni matumizi ya haki na yenye uwiano kwa nchi zote. Misri na Sudan zimeukataa, kwa sababu zilitaka uandikwe wazi kwamba matumizi na haki walizonazo sasa hazitaguswa.

Tuwe wakweli kwa Misri pia. Ile nchi ni jangwa lenye mto mmoja. Mwaka 1929 nayo ilikuwa bado chini ya kivuli cha Waingereza, pamoja na uhuru wa jina uliotangazwa 1922. Na ni nchi ya Ulimwengu wa Tatu kama sisi. Abi-Saab niliyemtaja hapo juu ni wa kwao. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Ulimwengu wa Tatu ni ukoo mmoja unaokula sahani moja. Karatasi ya mkoloni ikimfaa mtu, anaishika.

Pale kanuni inapotuuma sisi

Tusimnyooshee Misri kidole peke yake. Kuna sehemu moja ambayo Kanuni ya Nyerere haikugusa: mipaka. Julai 1964 wakuu wa nchi za OAU walikutana Cairo na kuamua kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Sababu inaeleweka. Mipaka ile ilichorwa Ulaya kwa rula, lakini kila nchi ingeanza kudai ndugu zake wa ng'ambo, Afrika nzima ingekuwa vitani. Hata Mkataba wa Vienna wa 1978 umeiacha mipaka nje ya ukurasa safi.

Sasa nenda Ziwa Nyasa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890 uliuweka mpaka kwenye ufukwe wa upande wetu, maana yake maji yote ya sehemu hiyo yawe upande wa Nyasaland, Malawi ya leo. Malawi inasema: si mlisema tuheshimu mipaka ya wakoloni? Tangu 1967 Tanzania inasema mpaka upite katikati ya ziwa, ikitaja desturi ya mipaka ya majini, ramani na taarifa za Waingereza wenyewe za baadhi ya miaka zilizoonyesha hivyo, na maisha ya wananchi wa Kyela, Ludewa na Nyasa ambao hawawezi kuwa wageni kwenye maji wanayovulia. Mgogoro ulipamba moto tena mwaka 2012, ukapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano kusuluhisha.

Mimi naona hoja yetu ina uzito. Lakini lazima tukiri kwamba Malawi imeshika silaha tuliyoinoa sisi. Somo hapa ni gumu kidogo: huwezi kudai ukurasa safi kwenye maji ya Nile, ukadai mipaka mitakatifu Cairo, halafu ukashangaa mtu akikuuliza unasimama wapi Nyasa. Jibu la uaminifu ni lile la 1962: karatasi ya mkoloni iwe mwanzo wa mazungumzo ya watu wawili huru, isiwe neno la mwisho.

Sasa tunasaini wenyewe

Mpaka hapa tumezungumzia mikataba iliyosainiwa na wengine. Ngumu zaidi ni ile tunayoisaini wenyewe, kwa Kiingereza kizuri, wanasheria wakiwepo.

Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio namba 1803, kwamba kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya utajiri wake wa asili. Lilikuwa ushindi wa nchi mpya, maana uhuru wa bendera bila madini yako ni kama kupewa ufunguo wa nyumba iliyobebwa. Lakini miaka iliyofuata nchi hizo hizo, zikiwa zimebanwa na madeni, zilisaini mikataba ya kulinda wawekezaji. Tanzania na Uingereza walisaini wao mwaka 1994. Mikataba hii inampa mwekezaji haki ya kuishitaki serikali nje ya mahakama za nchi, mara nyingi kwenye kituo cha usuluhishi kilicho chini ya kundi la Benki ya Dunia, Washington.

Tumeshafika huko. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, iliyokuwa na Biwater ya Uingereza ndani yake, ilipewa kuendesha maji ya Dar es Salaam, katika mradi ulioambatana na fedha za Benki ya Dunia na wakopeshaji wengine. Mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba kwa kuona huduma haitolewi kama ilivyoahidiwa. Biwater ikashitaki. Julai 2008 wasuluhishi waliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji kwa namna ilivyoiondoa kampuni, lakini hailipi fidia, kwa sababu wakati huo uwekezaji wenyewe haukuwa na thamani tena. Tulipona. Lakini angalia nani alikaa kuamua kama serikali imefanya sawa juu ya maji ya Manzese na Temeke: watu watatu ambao mkazi wa huko hajawahi kuwasikia.

Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria mbili za maliasili. Moja inatangaza mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya maliasili na kutaka migogoro yake iamuliwe nchini. Ya pili inaliruhusu Bunge kupitia mikataba yenye masharti mabaya na kutaka ijadiliwe upya. Ukisoma vizuri, ni azimio 1803 na roho ya 1961 zikirudi. Kuna wanaosema zinafukuza wawekezaji, kuna wanaosema zimechelewa. Mimi nasema hivi: kupitia mkataba baada ya kusaini ni dawa, na kuusoma hadharani kabla ya kusaini ni kinga. Nyerere alidai miaka miwili ya kusoma mikataba ya wengine. Sisi ya kwetu tunaipa bungeni siku ngapi?

Tutafundishaje Mangungo?

Wengi wetu tunaosomea ualimu tutasimama mbele ya kidato cha pili na kulifundisha somo hili. Kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kwani Mangungo hakuwa na mtu wa kumsomea?" Darasa likacheka. Swali lake lilikuwa zuri, lakini jinsi tunavyolifundisha somo ndiyo inayofanya kicheko kiwe jibu.

Napendekeza tulifundishe kwa maswali mengine. Karatasi ya Msovero inaanza kwa kutaja urafiki wa milele; je, kwa mtawala aliyekaa karibu na njia ya misafara, kukubali urafiki wa mgeni lilikuwa jambo la ajabu? Kama angekataa, angekata rufaa wapi? Kwa nini karatasi hiyo hiyo ilikuwa mkataba siku ya kuchukua nchi, na haikuwa mkataba siku ya kuirudisha? Halafu tuweke tamko la 1961 ubaoni pembeni yake, ili mwanafunzi aone pande zote mbili: mtu aliyenyimwa kiti, na nchi iliyoleta kiti chake ikakaa.

Mwanafunzi aliyefundishwa kumcheka Mangungo atajifunza kwamba mikataba mibaya husainiwa na wajinga, na kwa kuwa yeye ana digrii, hayupo hatarini. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza nani aliandika, nani hakuwepo na nani atalipa, huyo ukimpa mkataba wa kurasa 300 za Kiingereza ataanza na maswali hayo hayo. Siku moja atakuwa diwani, mbunge au mwanasheria wa wizara. Tunaye darasani sasa hivi.